Ukingo Usiofungwa Hula Nguo

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya nyumba, lakini hakuna mahali inapothibitika upesi kama katika nguo. Shati la shule au suruali ya kazi aghalabu haianzi kufa katikati ya kitambaa. Huanza kufa ukingoni, pale mkasi ulipopita na kuacha nyuzi zikiwa hazina kizuizi. Uzi mmoja hutoka, wa pili hufuata, na baada ya kufuliwa mara kadhaa ukingo huwa umeliwa mpaka kwenye mshono wenyewe. Siku mshono unapoachia, mwenye nguo humlaumu fundi, huulaumu uzi, hukilaumu kitambaa. Mara nyingi kosa ni moja tu: kingo mbili ziliunganishwa, lakini hazikufungwa.

Kwa jamaa ya askari wa jeshi au wa polisi, kosa hilo ni ghali kuliko linavyoonekana. Mshahara wa mwezi huwa umekwisha kugawanywa kabla haujafika: ada, chakula, matibabu, na nauli ya kwenda kuwaona wazee. Sare za watoto hununuliwa mwanzoni mwa mwaka kwa matumaini kwamba zitafika Desemba. Zikifumuka mwezi wa Julai hakuna fungu lililotengwa kwa ajili yake, na mtoto huenda shuleni kwa aibu au hubaki nyumbani. Ndiyo maana katika kambi na katika nyumba za polisi mama mwenye cherehani ni mtu wa maana. Hushona nguo za wanawe, hushona za jirani, na mapato yake madogo huziba mapengo ambayo mshahara hauyafikii.

Lakini mama huyo naye ana tatizo lake. Wateja humwambia, "Kazi yako ni nzuri, ila haina ovaloki." Je, akope fedha anunue mashine ya pili, au awaachie wateja waende kwingine? Kabla ya kukopa, yafaa ajue kwamba kwa sehemu kubwa ya nguo zinazovaliwa nyumbani, shuleni na kazini, ukingo unaweza kufungwa barabara kwa cherehani ileile aliyo nayo, akiongeza vipande viwili au vitatu vya chuma vinavyoenea katika kiganja cha mkono. Vipande hivyo mafundi huviita miguu ya cherehani.

CHUMVI YA KATWE

Hakuna mahali pafaapo kuelezea jambo hili kama Katwe. Si Katwe ya Kampala yenye mafundi wa vyuma, bali Katwe ya Wilaya ya Kasese, magharibi ya Uganda. Mji huo mdogo uko kando ya ziwa lililomo ndani ya kasoko, karibu na Ziwa Edward, katikati ya nchi ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth iliyoanzishwa mwaka 1952. Ziwa Katwe halina mto utokao. Maji hupotea kwa kukauka tu, na chumvi hubaki. Chumvi hiyo imevunwa kwa karne nyingi, na thamani yake ilikuwa kubwa hata mwaka 1891 Kapteni Lugard alijenga ngome hapo ili aidhibiti biashara yake.

Mpaka leo wanaume huingia ziwani kuvunja mabamba ya chumvi kutoka chini ya maji, na wanawake wengi huvuna chumvi nyeupe katika vidimbwi vilivyochimbwa ufukoni. Kazi hiyo haiihurumii nguo. Maji ya chumvi yakikauka juu ya kitambaa, punje ndogo hubaki katikati ya nyuzi. Kitambaa hukakamaa, na kila mwenye nguo anapoinama au kunyanyua mzigo, punje zile husugua nyuzi kama msasa. Panaposuguliwa zaidi ni kwenye mishono na mapindo, maana hapo kitambaa ni kinene na hukunjika kila siku. Ukingo ulioachwa wazi hauwezi kustahimili.

Katwe ina funzo jingine pia. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 palijengwa hapo kiwanda kikubwa cha chumvi kwa utaalamu kutoka Ujerumani. Hakikufanya kazi kwa muda mrefu, kwa kuwa maji makali ya ziwa yaliyala mabomba yake. Kiwanda kilinyamaza, lakini vidimbwi vinavyotunzwa kwa mikono viliendelea kuzilisha jamaa za Katwe. Mashine kubwa si lazima iwe jibu la kila haja. Kifaa kidogo kinachofahamika na kutunzwa huweza kudumu zaidi.

OVALOKI HUFANYA NINI

Ili kuchagua kwa akili, ni lazima kwanza kufahamu ovaloki yenyewe. Mashine hiyo hufanya kazi tatu kwa pamoja: huunganisha vitambaa, hukata kwa kisu ukingo unaochomoza, kisha huuzungushia ukingo huo nyuzi. Hutumia nyuzi tatu, nne au tano, na badala ya bobini ina vyuma vyenye ncha vinavyopokea uzi na kuufuma pembeni mwa kitambaa. Asili yake ni kazi ya ukoo wa Merrow wa jimbo la Connecticut, Marekani, uliopata hataza ya mashine ya namna hiyo mwaka 1889. Ovaloki za viwandani hupiga mishono zaidi ya 5,000 kwa dakika.

Nguvu ya ovaloki, basi, ni wepesi. Kiwanda kinachoshona mamia ya mashati kwa siku hakiwezi kuishi bila mashine hiyo. Vilevile kwa fulana na vitambaa vinavyovutika haina mshindani, kwa sababu mshono wake huvutika pamoja na kitambaa. Lakini kwa vitambaa vilivyofumwa visivyovutika, kama vile kaki, dengrizi, tetroni, pamba ya sare na kitenge, mshono imara kuliko wote haufanywi na ovaloki. Hufanywa na cherehani ya kawaida yenye mshono mnyoofu.

MGUU WA KULAZA MSHONO

Atazame mtu suruali ya dengrizi au shati la kazi lililoshonwa vema. Ataona mistari miwili ya uzi ikienda sambamba, na hata akiigeuza nguo ndani nje hataona ukingo wowote uliokatwa. Kingo zote mbili zimekunjwa na kulazwa, moja ndani ya nyingine, kama vidole vya mikono miwili vilivyoshikana. Huo ndio mshono wa kulaza. Nyuzi za kitambaa hazina njia ya kutokea, na mshono wenyewe umeshikwa mara mbili.

Mguu maalumu wa kazi hiyo una mfereji na ulimi mdogo wa chuma unaokunja kitambaa kabla hakijafika kwenye sindano. Mshonaji huweka vitambaa viwili pamoja, cha chini kikichomoza kupita cha juu kwa kadiri ya nusu sentimita. Sehemu inayochomoza hukunjwa kukifunika kitambaa cha juu, kisha huingizwa mguuni na kushonwa. Baada ya mstari wa kwanza vitambaa hufunuliwa, lile tuta lililosimama huingizwa tena chini ya mguu, nao hulilaza na kulishona mstari wa pili. Kazi ambayo kwa mkono ingetaka chaki, pasi na pini nyingi hufanyika kwa mwendo wa cherehani.

Mshonaji asiye na mguu huo asikate tamaa. Anaweza kuacha sentimita moja na nusu ya kitambaa nje ya mshono, akaukata ukingo mmoja ubaki nusu sentimita, akaukunja ule mrefu kuufunika mfupi, akapiga pasi na kushona juu yake. Atachelewa, lakini mshono utakuwa uleule. Kwa vitambaa vyepesi ipo njia nyingine: kushona kwanza pande za ndani za vitambaa zikitazamana, kupunguza ukingo, kuigeuza nguo, kisha kushona mara ya pili ili ukingo ufungiwe ndani kama ulio mfukoni.

MGUU WA KUVIRINGISHA PINDO

Mguu wa pili una kipande kilichojipinda mfano wa konokono. Ukingo wa kitambaa unapopita ndani yake hujikunja mara mbili na kutokea ukiwa pindo jembamba, nadhifu, lenye milimita chache tu. Unafaa kwa leso, mitandio, mapazia mepesi, magauni ya watoto na marinda ya vitenge laini. Haufai kwa kaki nzito, wala kwa ukingo wenye mviringo mkali.

Wengi huununua mguu huu na kuutupa baada ya siku moja, wakidai ni mbovu. Siri yake iko mwanzoni. Sentimita chache za kwanza za pindo hukunjwa kwa vidole na kushikizwa kwa mishono michache. Ndipo mshonaji anapozishika ncha za nyuzi kwa nyuma, akauingiza ukingo katika mzunguko wa mguu, akaanza kukanyaga pedali polepole. Mkono wa kulia huuinua ukingo kidogo na kuuongoza kwa kipimo kimoja. Kitambaa kikiingia kwa wingi, pindo hujaa na kuvimba; kikiingia kidogo, ukingo hutoka bila kukunjwa. Panapopita mshono wa ubavuni, unene wake upunguzwe kwa mkasi kabla ya kufika mguuni. Mazoezi ya jioni mbili tatu juu ya vitambaa vya kutupwa hutosha kuuzoeza mkono.

MGUU WA KUVIKA UTEPE

Shingo, makwapa na pembe za aproni hazikubali kukunjwa kwa urahisi kwa sababu zimepinda. Hapo utepe ndio dawa. Mguu wa kuvika utepe una kifuko chembamba kinachoukunja utepe pande zote mbili za ukingo, na sindano huvishona vyote kwa mstari mmoja. Utepe hukatwa kimshazari, yaani kwa pembe ya digrii 45 kutoka ukingo wa kitambaa, ili uweze kujipinda bila makunyanzi. Upana wake hufuata kipimo cha kifaa chenyewe.

Faida ya njia hii huonekana zaidi kwa wakazi wa barabara ya Bwera na Mpondwe, mpakani na Kongo, ambako biashara ya vitenge ni kubwa. Kila gauni huacha vipande ambavyo wengi huvitupa. Vipande hivyo vikikatwa kimshazari na kuunganishwa huwa utepe wa bure, tena wenye kupendeza. Sare iliyochakaa shingoni, ikivikwa utepe wa rangi yake, hurudi darasani kwa muhula mwingine.

CHEREHANI ZA ZIGIZAGA

Miguu iliyotajwa hufanya kazi kwenye cherehani ya kukanyaga yenye mshono mnyoofu. Ipo mingine ambayo hutaka cherehani ambayo sindano yake huyumba kushoto na kulia, yaani ya zigizaga. Mmojawapo ni mguu wa kufunga ukingo. Una kijiti chembamba cha chuma pembeni. Sindano huruka juu ya kijiti hicho na kushuka nje kidogo ya kitambaa, hivyo uzi huufunga ukingo bila kuukunja wala kuuvuta. Mwingine ni mguu wa kuunganisha kingo, wenye bamba jembamba katikati. Kitambaa hukaa upande mmoja, lesi upande wa pili, na sindano huziunganisha kingo bila ya kupandana.

Kisha kipo kifaa kikubwa kidogo, chenye visu viwili vidogo na mkono wenye uma unaokaa juu ya skrubu ya sindano. Sindano ikipanda na kushuka, mkono huvichezesha visu, ukingo hukatwa, na zigizaga huufunga papo hapo. Wauzaji hukisifu kuwa ni ovaloki kamili. Sivyo. Hutumia nyuzi mbili za kawaida za cherehani, hakipendi kitambaa kizito, na mwendo wake hautakiwi kuwa wa haraka. Hata hivyo, kwa nguo za kawaida za nyumbani hufanya kazi safi, mradi ukingo uchanjwe kwanza kiasi cha sentimita mbili ili visu vipate mahali pa kuanzia.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha zao. Miguu huuzwa katika masanduku yenye vipande vingi, na mnunuzi huvutwa na wingi wake. Akifika nyumbani hugundua kuwa nusu yake haiingii, na nusu nyingine hutaka zigizaga ambayo cherehani yake haina. Mambo matatu humwokoa.

Kwanza, apime shingo ya mguu. Mguu ukiwa umeshushwa, apime kutoka kwenye skrubu inayoushika hadi kwenye bamba la chini. Ikiwa ni baina ya sentimita 1.3 na 2, cherehani ni ya shingo fupi, ikifika 2.5 au zaidi, ni ya shingo ndefu. Cherehani nyingi za kukanyaga za Singer na Butterfly zinazoonekana majumbani ni za shingo fupi. Njia ya hakika kuliko zote ni kuufungua mguu wa zamani na kwenda nao dukani ili ulinganishwe.

Pili, ajue iwapo sindano yake huyumba. Ikiwa hushuka mahali pamoja daima, asinunue mguu wenye kijiti wala kifaa chenye visu, hata akipunguziwa bei kiasi gani. Anunue wa kulaza mshono, wa kuviringisha pindo na wa kuvika utepe.

Tatu, baada ya kuufunga mguu mpya asikanyage pedali. Aligeuze gurudumu kwa mkono mzunguko mzima na kuitazama sindano ikishuka. Ikigusa chuma, mguu huo haukukaa sawa au si wa cherehani hiyo. Sindano inayovunjika kwa kasi huweza kuruka jichoni, na watoto hupenda kusimama karibu na mama anaposhona.

Sindano nayo ifuate kitambaa: namba 11 kwa vyepesi, 14 kwa pamba ya kawaida, 16 au 18 kwa kaki na dengrizi. Mguu mzuri wenye sindano butu haufai kitu.

ADUI KUTU

Kilichoyala mabomba ya kiwanda cha Katwe huweza kuila pia cherehani. Mtu aliyetoka kwenye vidimbwi asikae kushona kabla ya kunawa mikono kwa maji baridi na kuikausha. Nguo ya kazi inayoletwa kutiwa kiraka ifuliwe kwanza kwa maji matamu mpaka chumvi itoke, kisha ianikwe ikauke kabisa. Baada ya kazi, vumbi la nyuzi liondolewe kwa brashi kwenye meno yanayovuta kitambaa na kwenye nyumba ya bobini, na tone la mafuta ya cherehani litiwe kila panapozunguka chuma. Mafuta ya kupikia hayafai. Huganda na kuishika mashine. Miguu ipanguswe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo na kuwekwa katika mkebe wenye kifuniko. Mkebe mtupu wa maziwa ya unga hutosha.

HESABU YA NYUMBANI

Mkebe huo una faida nyingine ambayo jamaa za askari wataielewa mara moja. Baba akipewa uhamisho, leo Kasese na kesho Karamoja, ovaloki ya umeme hutaka gari, hutaka umeme utakaokubaliana nayo huko iendako, na pengine bado ina deni. Mkebe wa miguu huenda mfukoni, na cherehani ya kukanyaga hufanya kazi hata penye giza la nyaya. Biashara ya kulipa kidogo kidogo si mpya: Singer iliuza cherehani kwa njia hiyo tangu mwaka 1856, na jamaa nyingi duniani zilinufaika kwa kuwa mashine ilijilipa yenyewe. Lakini deni hujilipa pale tu kazi inapokuwapo. Mama mwenye wateja watano asikope kama mwenye wateja mia.

Njia ya busara ni kupanda ngazi moja moja. Aanze kwa kulaza mishono kwa mkono, ili wateja waone kwamba sare zake hazifumuki. Faida ya kwanza inunue mguu wa kulaza mshono. Ya pili, wa kuviringisha pindo. Ya tatu, wa kuvika utepe. Na iwapo wateja wa fulana na michezo wataongezeka mpaka kazi imzidi, hapo ovaloki itakuwa haja ya kweli, na fedha za kuinunua zitakuwa zimekwisha kupatikana humo humo katika kazi. Akina mama wa kambi moja wanaweza pia kuchanga na kununua mmoja mmoja miguu ya namna mbalimbali, wakaazimana, mradi cherehani zao ziwe za shingo moja.

Mteja atakayeuliza kwa nini nguo haina ovaloki aonyeshwe ndani ya nguo. Ausugue mshono kwa ukucha, auvute, atafute uzi uliochomoza. Akiukosa, hatauliza tena. Atakachotaka kujua ni siku gani sare ya mtoto wa pili itakuwa tayari.